Kaskazi ya Moa na kiyoyozi cha Land Cruiser kuukuu

Ukitaka kujua kama kiyoyozi cha gari kuukuu ni kizima, usikijaribu kwenye lami ya kwenda Segera. Kipeleke Moa, pwani ya kaskazini mwa Tanga, mwezi wa pili, kaskazi imeshika pwani, vumbi limekauka barabarani na bahari iko karibu kiasi cha kuinusa. Huko gari litakwenda polepole, hewa itakuwa imelowa, jua litakuwa utosini, na kila kasoro iliyokuwa ikifichwa na mwendo wa lami itajitokeza yenyewe.

Sababu yangu ya kwenda ilikuwa nyingine. Mama yangu mkubwa ni mzaliwa wa Moa, Mdigo wa huko huko, na tangu alipoolewa mjini Tanga hajaacha kwenda kuwajulia hali ndugu zake. Miaka ya karibuni presha imemwandama, na fukuto la kaskazi humlegeza kabisa. Miguu inavimba, kichwa kinamgonga, na akifika aendako inabidi alale kwanza ndipo aweze kusalimiana na watu. Basi la abiria haliwezi tena. Nikanuia kwamba safari hii atafika Moa ana nguvu za kuzungumza, ateremke garini kwa miguu yake.

Gari lenyewe ni Land Cruiser hadtopu, lile ambalo watu huliita mkonga kwa ajili ya bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. Toyota ilianza kutoa ukoo huu wa 70 mwaka 1984, na injini iliyomo ndani ya langu, 1HZ ya dizeli, lita 4.2, isiyo na tabo, ilitoka 1990. Sijui kama yuko Mtanzania asiyelifahamu. Limebeba wagonjwa, chanjo, masanduku ya kura, askari wa wanyamapori na maiti. Halichoki. Lakini waliolibuni walihangaikia chesisi, giaboksi na springi kabla ya kumfikiria abiria anayetoka jasho. Bodi ni bati tupu, vioo ni vikubwa, na juu ya kichwa chako, baina yako na jua la saa saba, pana bati na kitambaa chembamba cha silingi.

Aliyeniuzia aliniachia wasia mmoja juu ya AC: kila kaskazi ikiingia, jaza gesi, basi. Wasia huo nimeusikia kwa wenye magari wengi, na naukataa. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama dizeli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaibana, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaitoa joto mpaka inageuka kimiminika, valvu inaiachia ghafla kwenye kulingi koili iliyo nyuma ya kabati la dashibodi, na hapo inafyonza joto la ndani ya gari kabla ya kurudi kwenye kompresa kuanza upya. Ikipungua sana kila mwaka, pana mahali inavuja, na tundu ndilo la kutafutwa. Kama haijapungua, kuiongeza ni kulidhuru gari, kwa sababu gesi iliyozidi hupandisha presha na kupunguza baridi.

Fundi niliyempelekea yuko Ngamiani mjini Tanga, chini ya mwarobaini, mzee aliyeanza kazi hii enzi za gesi ya zamani. Nilimwamkia, akaitika, akaniambia nifungue boneti. Mtungi wa gesi hakuugusa. Alichomeka geji zake, ya buluu upande wa presha ndogo na nyekundu upande wa presha kubwa, injini ikiwa imezimwa. Mishale yote miwili ikasimama karibu na pauni 100 kwa inchi ya mraba.

"Umeona, mwanangu? Wapo wakiona hivi wanakwambia gesi imejaa. Mimi hapa bado sijajua kitu."

Alikuwa na haki. Gesi ya R134a iliyotulia kwenye joto la nyuzi 30 huonyesha pauni 97 hivi, mfumo uwe umejaa au umebaki nusu, maadamu ndani bado kuna kimiminika. Geji husema kweli injini ikiwa inafanya kazi. Akaniambia niwashe gari, nifungulie AC hadi mwisho, niache milango wazi. Mshale mwekundu ukaanza kupanda. Ukapita 200, ukapita 250, ukavuka 300 na kuendelea. Kwenye matundu ya dashibodi hewa ilikuwa vuguvugu, ya kupeperusha karatasi tu.

Ndipo alipomwita kijana wake alete ndoo ya maji na kopo. Kijana akasimama mbele ya gari, akaanza kuyamwaga maji polepole kupitia kwenye grili, kopo baada ya kopo, yakichuruzika juu ya kondensa na kutoa mvuke. Mzee alikuwa ameshika geji usawa wa macho yangu. Mshale mwekundu ulishuka mbele yetu sote, 280, 240, ukatulia karibu na 200. Nikapeleka mkono kwenye tundu la dashibodi. Baridi ilikuwa imekuja, ile ya kweli inayouma vidole. Maji yalipokatizwa na kondensa ikakauka, mshale ukaanza kupanda tena, na baridi ikaondoka.

"Gesi yako haina neno," akasema huku akichomoa mipira ya geji. "Kondensa yako haipati upepo."

Jaribio hilo la ndoo moja ya maji limenifundisha mengi kuliko lolote nililowahi kusoma juu ya viyoyozi. Ubaridi wa garini hautengenezwi ndani ya gari. Kinachofanyika ni kulihamisha joto kutoka ndani kwenda nje, na likikosa pa kutokea pale mbele, hata kompresa mpya haitakusaidia.

Tulipofungua grili sababu zilijionyesha. Mapezi ya kondensa yalikuwa yamelala, yamekandamizwa na mashine ya kuoshea magari ambayo mtu aliielekeza karibu mno. Katikati yake palijaa vumbi jekundu, mbegu za majani na mabawa ya wadudu. Upande wa chini alumini ilikuwa imeota unga mweupe, kazi ya chumvi ya hewa ya pwani. Na mbele ya yote hayo, kwenye ngao ya chuma, mwenye gari wa awali alikuwa amefunga taa mbili kubwa za duara, usawa ule ule upepo unapotakiwa kuingia. Taa hizo tuliziondoa siku ile ile. Sijawahi kuzihitaji.

Kulikuwa na jambo la kina zaidi, linalohusu umri wa gari. Magari ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalitoka kiwandani na gesi ya R12, iliyokuja kugundulika kwamba inatoboa tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliipiga marufuku hatua kwa hatua, Tanzania ikajiunga mwaka 1993, na kufikia 2010 nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeachana nayo. Magari yaliyobaki yakahamishiwa R134a. Wengi waliohamisha walibadilisha gesi, mafuta ya kompresa na vichwa vya kujazia, wakaishia hapo. Kumbe R134a kwenye joto kali hufanya kazi kwa presha kubwa kuliko R12, na inataka kondensa yenye uwezo zaidi. Kondensa ya zamani ni bomba moja refu la duara lililokunjwakunjwa. Ilitosha kwa gesi yake. Kwa gesi mpya, kwenye kaskazi ya Tanga, haitoshi.

Tukafunga kondensa ya mirija bapa, yenye mirija mingi myembamba inayopitisha gesi kwa pamoja, ambayo hutoa joto zaidi kwa ukubwa ule ule. Haikuwa ya gari hili. Mzee alichomelea vishikio vipya na kukata mabomba upya. Alibadilisha draya, kwa kuwa kazi yake ni kunyonya unyevu na ikishakaa wazi hewani imekwisha, akabadilisha oringi zote kila alipofungua. Kisha akaunga pampu ya kunyonya hewa na kuiacha ifanye kazi muda mrefu, tukanywa chai, tukasoma gazeti, bado inanguruma. Unyevu ukibaki ndani ya mfumo huganda kwenye valvu na kutengeneza asidi inayokula chuma. Fundi anayejaza gesi bila kunyonya hewa kwanza anakuuzia hitilafu ya mwaka ujao. Gesi aliipima kwa mizani. Gari la aina hii hubeba chini ya kilo moja, kwa hiyo kukisia kwa jicho ni hatari.

Nisipolisema hili hapa nitakuwa nimewanyima wasomaji. Wapo wanaojaza gesi ya kupikia kwenye AC za magari kwa sababu ni rahisi na inatoa baridi. Ni kweli inatoa baridi. Ni kweli pia kwamba kulingi koili imo ndani ya chumba unachokaa na watoto wako, na bomba likipasuka gesi hiyo itajaa pale pale penye swichi na waya. Usikubali kamwe.

Baada ya kondensa ikaja feni. Kwenye 1HZ feni huzungushwa na injini kupitia feni klachi, kidude cha mviringo chenye mafuta mazito ya silikoni ndani yake. Injini ikipata joto, mafuta hayo hushika na feni ikazunguka kwa nguvu. Miaka ikienda mafuta huvuja, feni inabaki kuzunguka kivivu. Kuipima ni rahisi: injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka bila ubishi, imechoka. Yetu ilizunguka bila ubishi. Tukaifungua, tukaongeza mafuta ya silikoni, tukaziba kwa sponji nafasi zote za pembeni baina ya kondensa na rejeta, ili feni ivute upepo kupitia kwenye mapezi badala ya kuuvuta upepo wa moto wa injini uliozunguka pembeni na kurudi mbele.

Kitu cha mwisho kilikuwa kidogo kabisa, na kwangu ndicho kilichostahili pongezi kuliko vyote. Gari hili lina hita. Nani anahitaji hita Tanga? Lakini maji ya injini, yenye joto la nyuzi 80 na zaidi, yalikuwa yakipita mchana kutwa kwenye koili ya hita ndani ya dashibodi, jirani na kulingi koili, kwa sababu koki yake ilikuwa imekwama nusu wazi. Baridi ilikuwa ikitengenezwa na kupashwa moto humo humo. Mzee akafunga koki mpya kwenye mpira wa hita, akaikaza, na tundu la upande wa dereva, ambalo siku zote lilikuwa la vuguvugu kuliko mengine, likapoa.

Tulipanga kuondoka asubuhi mapema. Mama mkubwa hasafiri mikono mitupu, na mpaka mikate ya kumimina ilipoiva, sukari ikafungwa na kanga za mawifi zikahesabiwa, ilikuwa saa nne. Nilichomeka kipimajoto kidogo kwenye tundu la katikati la dashibodi, tukaondoka.

Kutoka mjini unaelekea Amboni yaliko mapango, unapita, unafika Mabokweni ambako barabara ya Maramba inakuacha, nawe unashika ya Horohoro. Hii ni lami safi, kilomita 65 kutoka Tanga hadi mpakani, iliyojengwa kwa fedha za Marekani kupitia shirika lake la misaada, MCC. Wenye kuikumbuka barabara kabla ya lami hiyo wanajua ilivyokuwa wakati wa masika. Kushoto Usambara Mashariki inaonekana kwa mbali ikiwa na ukungu wa joto, kulia minazi na mikorosho. Kwenye mwendo wa 80 kipimajoto kilionyesha nyuzi 9. Hilo halikunishangaza. Kwenye mwendo huo upepo unajipitisha wenyewe kwenye kondensa, na hata gari bovu hujitahidi.

Nikasogeza kijiti cha dashibodi kutoka hewa ya ndani kwenda hewa ya nje, nione. Ndani ya dakika chache tulikuwa nyuzi 15, na mama mkubwa akaanza kujipepea kwa ncha ya mtandio. Hapa ndipo pwani inapotofautiana na bara. Mita moja ya ujazo ya hewa ya kaskazi, yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, imebeba gramu 25 hivi za maji. Kuipoza mpaka nyuzi 10 ni lazima uyatoe zaidi ya gramu 15 kati ya hizo, na kuugeuza mvuke kuwa maji kunadai nguvu nyingi. Ukipiga hesabu, zaidi ya nusu ya kazi ya kiyoyozi inaishia kukausha hewa, inayobaki ndiyo ya kuipoza. Sasa ukiacha tundu la nje wazi, kila sekunde unailetea kompresa hewa mpya iliyolowa ianze kukamua upya. Ukifunga, inaikausha hewa ile ile ya ndani mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila mara mzigo unakuwa mwepesi.

Ndiyo sababu mtungi wa udongo unaopoza maji vizuri Dodoma hauonyeshi maajabu hayo Moa. Hewa ya Dodoma ni kavu, inanyonya. Hewa ya kwetu imeshiba maji, jasho halina pa kwenda, na mtu mwenye presha anaumia kwenye nyuzi 32 za Tanga kuliko anavyoumia kwenye nyuzi hizo hizo kule bara.

Kufunga kijiti peke yake hakutoshi kwenye gari la umri huu. Mlango mdogo unaoziba hewa ya nje, ndani ya kasha la feni ya dashibodi, huwa umepakwa sponji pembeni, nayo sponji ikikauka hudondoka vipande vipande. Kijiti kinasema kimefunga, hewa ya nje inaingia. Ya kwangu niliibandua yote na kuweka mpya kabla ya safari, kazi ya mchana mmoja na bisibisi. Wakati huo huo nikaisafisha kulingi koili, maana magari haya hayana kichujio cha hewa ya ndani. Vumbi la miaka lilikuwa limeshikana na maji ya umande likawa tope, tope likakauka likawa kama zulia. Feni inasukuma, hewa haipiti. Chini yake mpira wa kutolea maji ulikuwa umezibwa na tope hilo hilo. Abiria wa mbele akilalamika kwamba miguu yake inalowa, anza kuutafuta mpira huo.

Mbele ya safari tukaiacha lami na kukata kulia, kuelekea baharini. Hapa mwendo ulianguka hadi 20, mahali pengine 10, mashimo na mchanga, mbuzi, baiskeli zenye magunia ya mkaa. Upepo wa bure ukaisha. Sasa ni feni na kondensa. Kipimajoto kikapanda taratibu mpaka nyuzi 12, nikawa nakitazama kuliko nilivyotazama barabara, na pale kwenye 12 kikakaa. Nilifurahi kwa dhati.

Vumbi lina ubishi wake. Madereva wa njia hizi wanajua kwamba ukifungua hewa ya nje na feni ikavuma sana, chumba cha gari kinajaa hewa na vumbi halipenyi kwa nyuma. Ukifunga, linapenya kwenye kila upenyo. Kwenye barabara za bara, nyuma ya lori, nakubaliana nao. Pwani nasema funga, na upenyo uuzibe kwa njia nyingine, yaani raba mpya za milango yote hadi wa nyuma, na mfuko mpya wa ngozi kwenye shina la gia, ambako joto la giaboksi hupanda moja kwa moja miguuni. Paa nililipaka rangi nyeupe na chini ya silingi nikatandika godoro jembamba lenye karatasi ya alumini. Land Rover za zamani zilizouzwa nchi za joto zilikuwa na akili zaidi kwa hili. Ziliwekwa paa la pili juu ya paa, na upepo ukapita katikati, kwa hiyo bati linalopigwa na jua silo linalomgusa abiria. Natamani watengenezaji wangeendelea nalo.

Moa ikaanza kujitokeza. Mikoko kwanza, kijani kizito kwenye ukingo wa tope, halafu minazi, halafu bahari yenyewe, na ng'ambo yake isiyoonekana ni Pemba. Ngalawa zilikuwa zimelala juu ya mchanga, maji yamekupwa. Hii ni Wilaya ya Mkinga, iliyomegwa kutoka Muheza, na ukiendelea kaskazini mwendo mfupi, kabla ya mpaka wa Kenya, ndiko Jasini, kwenye shamba la mkonge walikopigana Wajerumani na Waingereza tarehe 18 na 19 Januari 1915. Januari! Kila nikipita huku nawafikiria askari wale, Waafrika na Wahindi walio wengi, wamelala kwenye mkonge wenye miiba, juani, kwenye fukuto hili hili, kwa vita ambavyo si vyao.

Tulisimama uani kwa kaka wa mama mkubwa, injini ikinguruma kidogo huku mizigo ikishushwa. Watoto wakatuzunguka. Mmoja akainama chini ya gari, akainuka ana wasiwasi.

"Mjomba, gari lenu linavuja!"

Nikainama naye. Kwenye mchanga mweupe, usawa wa kiti cha abiria, palikuwa na kidimbwi chenye upana wa sahani, na juu yake mpira mweusi ukidondosha maji, tone kwa tone, haraka haraka. Kuku mmoja alikuwa ameshafika anakunywa. Nilimwambia yule mtoto hayo ni maji ya hewa, ndiyo yaliyokuwa ndani ya gari tulipokuwa tunakuja. Alikinga kiganja, akayanusa, akayaona hayana harufu. Mzee wa Ngamiani alikuwa ameniambia hivyo: pwani, AC isiyodondosha maji haifanyi kazi, hata kama inavuma vipi.

Mama mkubwa alikuwa ameshateremka. Nusu ya pili ya njia alijifunika kanga mabegani na kuniambia, "Punguza, mwanangu, unanigandisha." Akasimama na kuwaamkia wakubwa zake mmoja mmoja, akaitika shikamoo za wadogo, akauliza habari za waliofariki na waliozaliwa, akaketi kwenye mkeka na kuanza mazungumzo ambayo hayakukatika hadi wali na pweza wa nazi ulipopakuliwa. Hakuomba kitanda.

Kurudi ndiko kugumu. Tuliondoka baada ya adhuhuri, kivuli kilikuwa kimeshalihama gari, na usukani haushikiki. Ndani ya gari lililofungwa juani hewa hupita nyuzi 50 kwa urahisi. Ukiwasha AC papo hapo na vioo vimefungwa, unaipa kazi ya kupoza tanuri. Nilifungua milango yote na mlango wa nyuma, nikaacha upepo wa bahari upite, tukaondoka vioo vikiwa wazi kwa mwendo kidogo ndipo nikafunga na kuwasha. Tulipofika kwenye lami tulikuwa tumeshapoa. Jioni mjini niliiosha kondensa kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kwenda mbele, kuondoa chumvi. Hilo nalifanya kila nikitoka pwani ya Mkinga, na ningewasihi wenye magari yanayolala Raskazone, Chongoleani au Moa kwenyewe walifanye pia, maana alumini na chumvi havipatani.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa wenye magari makuukuu waijue. R134a haidhuru ozoni, lakini inapasha dunia joto. Kilo moja ikiingia hewani ina nguvu ya kilo 1,430 za kaboni dioksidi katika miaka 100, na ndiyo sababu nchi za dunia zilikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza gesi za ukoo huu. Gramu 500 zilizovuja kwenye gari lako kati ya kaskazi moja na nyingine ni sawa na kuchoma lita 260 za dizeli, yaani Land Cruiser kama langu kwenda Dar es Salaam na kurudi mara tatu hivi. Kila anayejaza bila kuziba tundu anarudia hilo kila mwaka, analipa, na bado anatoka jasho.

Kwa hiyo kaskazi ikiingia na AC ya gari lako ikaonekana imechoka, usianze na mtungi wa gesi. Ondoa kinachoziba upepo mbele ya grili, zungusha feni kwa mkono, shika mipira ya hita uone kama ni ya moto, angalia kama maji yanadondoka chini. Kisha nenda kwa fundi mwenye geji na pampu ya kunyonya hewa, na kabla hujatoa pesa mwombe amwagie kondensa maji mbele ya macho yako. Mshale mwekundu ukishuka na baridi ikaja, gesi usinunue.